Namba Kumi na Nne ya Ukurasa wa Tatu

Sitadanganya: nilimwonea wivu mwenzangu tangu siku aliyoingia kazini. Miaka kumi na moja nilikuwa nimepiga mashine ya kuandika katika ile biro, ofisi yetu ya Ibanda, orodha za watoto waliopotezana na wazazi wao vitani nilizichapa mimi, na asante sikuisikia hata mara moja. Yeye katoka Kampala na masomo yake ya kompyuta, juma moja tu, shefu, mkuu wetu, anamwita "maman internet" na kumsogezea kiti cha dirishani. Kiti changu! Moyo uliniwaka.

Alipewa kazi ya kuweka orodha yangu kwenye internet ili ndugu walio mbali waione. Majina hatukuandika, kwa usalama wa watoto. Tuliandika namba, umri, mahali mtoto alipookotwa na alama ya mwilini. Watoto wenyewe walikaa kwa familia mbalimbali za mjini, na kanuni ilikuwa kali: mzazi asiye na namba haonyeshwi mtoto, maana walikuwapo waliokuja kuchukua yeyote.

Orodha ilikuwa ndefu, akaikata kurasa, watoto ishirini kila ukurasa, na chini akaweka mahali pa kubonyeza uende mbele. Ilipendeza, roho yangu mbaya inajua. Lakini siku ileile nilichungulia begani kwake nikaona ukurasa wa pili umeanza tena na moja. Wa tatu vilevile. Kompyuta ilihesabu upya kila ukurasa, naye hakuiambia iendelee na ishirini na moja. Mtoto wa hamsini na nne katika daftari letu, kwake alikuwa wa kumi na nne. Nikarudi kwenye mashine yangu. Nilisema moyoni, ngoja aumbuke mbele ya shefu, tuone kama atasogezewa kiti tena.

Wiki tatu zikapita. Akafika mama mmoja kutoka Kalehe na kikaratasi alichoandikiwa na padri: 14. Dada yake wa Ulaya alikuwa amemwona mtoto kwenye orodha, na kwa redio ya parokia ikafika namba hiyo tu. Mwenzangu akafungua daftari. Wa kumi na nne alikuwa mvulana wa miaka tisa; mama alitafuta msichana wa miaka mitano. Akaambiwa pole, dada yake amekosea, na bila namba kanuni ni ileile. Hakulia. Alikunja kikaratasi, akashukuru, akatoka.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, vidole juu ya mashine, na nilijua. Kwa nini sikusimama? Nilikuwa nangoja shefu aingie asikie. Hakuingia. Saa sita niliacha chakula mezani, nikakimbia mpaka bandarini, na boti ya Kalehe ilikuwa imeshaondoka.

Nikaenda kumwambia shefu. Mwenzangu alirekebisha hesabu kabla chai yake haijapoa, kisha akaniuliza nimeliona kosa lini. Nikajibu, leo. Shefu akanisifu mbele ya biro nzima, eti huyu maman ana macho. Sifa nilizozitamani miaka yote hiyo, na nilitamani ardhi inimeze.

Tukatuma habari kwa padri, lakini njia ilikuwa na askari, na mama alirudi baada ya siku kumi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Alikuwa ameshamlilia mwanawe, majirani wamekaa matanga, yamekwisha.

Tukamleta msichana wa namba hamsini na nne. Alimwangalia yule mwanamke mwenye kipara, akarudi nyuma, akajificha kwenye kikwembe, kitenge alichojifunga mwenzangu.

Mama alipiga magoti sakafuni, akajifunika kichwa kwa mikono miwili.

"Nywele itaota, mutoto wangu," alisema polepole. "Itaota, utanijua."