Uvivu wangu wa siku ya mvua ulivyokaribia kuwa kanuni ya zege Guangzhou

Wakuu, habari za wakati huu.

Wiki iliyopita humu jukwaani kulikuwa na mjadala wa vyama vya wataalamu, wengi mkasema ni ada, posho na picha za pamoja. Sikuchangia. Nilikaa nikakumbuka jambo lililonikuta Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini, na leo nimeamua kulitoa.

Sina sababu ya kutia chumvi, maana mkosaji kwenye kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, kijana wa Tanga niliyepata scholarship. Mwaka wa mwisho tulitakiwa kufanya kazi kwa vitendo, nikapangiwa lab ya kiwanda kimoja cha zege. Ni vile viwanda vinavyochanganya zege na kulipeleka site kwa magari yenye pipa linalozunguka.

Mkuu wa lab alikuwa mzee mmoja, Liang. Tulimwita Liang Gong, ndivyo wanavyomwita injinia kwa heshima kule. Mkali, maneno machache, chupa ya chai haimtoki mkononi. Lakini alinipenda. Chakula cha mchana yeye ndiye aliyekuwa ananipakulia samaki kwanza, kabla ya wenyeji.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: gari likifika site unachukua zege kidogo, unalijaza kwenye maboksi ya chuma, likishika unapata kipande cha mchemraba, tunakiita cube. Unakilaza kwenye maji siku ishirini na nane, halafu unakiponda kwa mashine uone kinabeba mzigo kiasi gani. Cube ikifeli, ujue na nguzo iliyomwagwa kwa zege lile ina mashaka.

Kanuni ya Liang Gong ilikuwa moja. Gari la kwanza, la katikati na la mwisho, cube tatu kila gari. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Sasa siku hiyo tunamwaga nguzo za chini za jengo la makazi. Mvua ya Guangzhou wakuu, anayeijua anaijua. Magari yamekwama kwenye foleni, la kwanza limefika, mengine hayajulikani yatafika saa ngapi.

Na mimi nilikuwa na miadi. Kulikuwa na mama mmoja wa Zanzibar, Bi Zuhura, anakuja kununua vitambaa soko la Zhongda, na mimi ndiye nilikuwa namtafsiria. Miaka hiyo Waswahili mjini tulikuwa wa kuhesabika, ukimsikia mtu anaongea Kiswahili unaweza kumkumbatia njiani. Alikuwa ananisubiri saa tisa, na laoban wake, yaani mwenye duka, ni mtu wa kukasirika haraka.

Basi nikajaza cube zote tisa kutoka gari la kwanza.

Nikaandika tatu gari la kwanza, tatu la katikati, tatu la mwisho. Nikapanda basi kwenda Zhongda, nimelowa chapachapa, roho nyeupe kabisa. Nilijiambia zege ni lile lile, kiwanda ni kile kile, kuna tofauti gani?

Siku ishirini na nane zikapita, tukaziponda. Zote tisa zikapita, tena majibu yanakaribiana kupita kiasi. Liang Gong akayatazama, akanipiga bega, akasema katika mvua ile sijawahi kuona kazi safi namna hii.

Nikatabasamu. Ningeweza kusema pale pale, tuko wawili tu, mlango umefungwa. Nikajitia hamnazo.

Hapa sasa ndipo chama kinapoingia.

Mji ule ulikuwa na chama cha wataalamu wa zege. Walikuwemo watu wa viwanda vinavyogombania wateja, walimu wa vyuo, mainjinia wa site, wastaafu. Walikutana Jumamosi moja ya kila mwezi, mchana, kwenye darasa la chuo. Posho hakuna. Kulikuwa na chai na karanga, na karanga zenyewe zinaisha mapema.

Kazi yao kubwa ilikuwa kuandika miongozo. Wanakusanya yaliyowakuta kazini, wanabishana, wanakubaliana, kisha viwanda vyote vya mji vinafuata. Na msimu ule walikuwa wanaandika mwongozo wa kumwaga zege wakati wa mvua.

Wakandarasi walikuwa wameomba kwamba mvua ikinyesha sampuli ichukuliwe gari moja tu, yatosha. Chama kikasema leteni majibu ya lab tuone kama zege la magari tofauti linakuwa sawa kweli.

Liang Gong akaamua kupeleka cube zangu. Tena akasema na wewe utakuja, uwaeleze ulivyofanya kazi mvuani.

Mimi niliyechukua gari moja na kudanganya ni matatu, majibu yangu ndiyo yanakwenda kuthibitisha kwamba gari moja linatosha. Uvivu wangu wa mchana mmoja unakwenda kuandikwa uwe kanuni ya mji mzima. Na lile jengo wakati huo lilishapanda ghorofa ya nne, juu ya nguzo ambazo mimi ndiye pekee niliyejua kwamba hazijapimwa zote.

Siku mbili kabla ya kikao nilikuwa na Bi Zuhura Zhongda. Akanitazama.

"Mwanangu, una nini leo? Nakusemesha mara tatu hunijibu."

Nikamweleza yote. Akaacha kitambaa alichokishika.

"Kwa hivyo siku ile ulipokuja kwangu mbio mbio, ulikuwa umeitupa kazi ya watu?"

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Mie jora la kitambaa silinunui kwa kulitazama huku juu. Nalifungua mpaka katikati, maana huko ndiko wanakoficha pachafu. Wewe umekata kipande cha juu mara tisa."

Nikamwambia nikisema watanifukuza, scholarship itakwenda, miaka yote minne bure.

"Wakikufukuza utarudi kwenu Tanga, mama'ko atakupokea," akasema. "Nyumba ikiwaangukia watu, wao utawarudisha wapi? La kuvunda halina ubani, mwanangu. Kaseme."

Niwe mkweli, niliondoka pale bado sijakubali. Nilimwona hanielewi. Yeye hakusoma miaka minne kwa lugha ya watu.

Jumamosi ikafika. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mstaafu, Injinia Fang, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akayasoma majibu yetu kwa sauti. Watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Jamaa mmoja wa kiwanda shindani, Bwana Huang, akasema kwa majibu haya hata mimi naunga mkono gari moja.

Mama Fang akanigeukia, anatabasamu. Akasema kijana, tueleze, mvuani magari yalipishana muda gani?

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa jibu la uongo, tena kwa Kichina kizuri tu. Nikamwangalia Liang Gong, na yeye ananiangalia kama mzazi siku ya kuhitimu mtoto. Nikashindwa.

Nikasema, "Sijui. Sikuyasubiri. Cube zote tisa ni za gari la kwanza."

Wakuu, nilitaka sakafu inimeze. Liang Gong aliinamisha macho kwenye chupa yake ya chai na hakuyainua.

Nikasubiri matusi, nikasubiri kuambiwa toka nje. Mama Fang akavaa miwani, akachukua kalamu, akauliza, "Gari la katikati na la mwisho yalimwaga nguzo zipi?"

Basi. Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza.

Nikazitaja, maana orodha ya kupokelea magari iliyojazwa site nilikuwa nayo. Mwingine akauliza jengo limefika wapi. Mwingine akasema kazi ya juu isimame leo hii, yeye anamfahamu msimamizi wa site, atampigia. Halafu Bwana Huang, mshindani wetu, mtu ambaye angeweza kutoka pale akatumaliza kwa wateja wote wa wilaya ile ya Haizhu, akanyoosha mkono. Akasema mashine yao ya kukata vipande kwenye zege lililokauka haina kazi Jumanne, ataileta mwenyewe pamoja na fundi wake.

Nilijikuta natokwa na machozi mbele ya watu wazima. Sikuona aibu wakati ule, aibu ilikuja baadaye.

Jumanne tukaenda. Mkandarasi alifoka tangu asubuhi, sikumlaumu. Wakatoboa zile nguzo, wakatoa vipande, tukavipeleka lab ya chuo, si yetu wala ya kina Huang.

Gari la katikati likapita vizuri. Gari la mwisho likafeli.

Kumbe lilipokaa foleni muda mrefu, dereva aliongeza maji kwenye pipa ili zege lisigande, na maji yakizidi zege linakosa nguvu. Nguzo mbili ndizo zilizopata zege lile. Cube zangu zisingeonyesha kamwe, maana sikulingoja.

Jengo halikubomolewa. Kikao kilichofuata wakakaa, wakapiga hesabu pamoja, wakaamua nguzo zile mbili zivishwe koti: unazizungushia nondo mpya na kumwaga zege lingine nje, zinakuwa nene na imara. Kiwanda chetu kikafanya, na safari hii sampuli nilichukua mimi, kila gari, wanachama watatu wamenisimamia.

Kuhusu mimi, chuo kilinichelewesha kuhitimu mwaka mzima, na baada ya sampuli zile lab nilishushwa nikawa wa kuosha maboksi ya chuma. Liang Gong hakuniongelesha karibu mwezi. Samaki nilijipakulia mwenyewe.

Lakini kwenye kikao kile cha kupiga hesabu alisimama akasema kosa la mwanafunzi ni lake pia, kwa sababu siku ya mvua alibaki ofisini. Mzee wa umri ule, mbele ya washindani wake. Sijasahau.

Na mwongozo ukatoka kinyume kabisa na walivyoomba wakandarasi. Mvua ikinyesha, sampuli zinaongezwa badala ya kupunguzwa, na mtu wa site anatia sahihi kila gari. Kisa changu kiliwekwa kama mfano, bila jina langu wala la kiwanda.

Wakati wapangaji wanahamia, Liang Gong aliniambia panda gari. Tukasimama ng'ambo ya barabara. Watu wanashusha makabati, watoto wanakimbizana ngazini. Kwenye baraza la chini kulikuwa na bibi mmoja ameweka kiti cha plastiki, kaegemeza mgongo kwenye moja ya zile nguzo mbili, anamenya maharage. Hana habari ya lolote.

Liang Gong akamtazama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Twende, kuna magari matatu saa nane."

Ndivyo nilivyojua nimerudishiwa kazi yangu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Cheti kila mmoja anacho, na mashine zinanunuliwa. Kisichonunuliwa ni chumba chenye watu wanaoijua kazi yako kiasi kwamba ukisema nimekosea, wanatafuta kwanza kosa liko wapi kabla ya kukutafuta wewe. Chama kikishakuwa hivyo, ada yake ni halali yake.

Mafundi na mainjinia mliomo humu, karibuni. Kosa gani la kazini hujawahi kulisema mbele ya wenzako, na je, kuna mtu amekaa chini yake sasa hivi?