Mkwe Wangu Benchi la Mbele

Hii habari haina mahali ninapotokea mwerevu. Nimepatafuta. Nimejaribu kuisimulia kuanzia huku, nikaianzia kule, mwisho wake mjinga ni mimi tu. Basi nimeona afadhali niiseme kwa mdomo wangu, maana hapa Bombolulu wanaoisimulia wanaitia chumvi, mpaka kuna mmoja anaapa kwamba nilikuwa nimevaa buibui. Si buibui. Ilikuwa leso.

Kwanza ujue kazi yangu uwanjani. Sisi huku Kisauni tuna timu ya mpira wa kikapu, timu ya ligi kabisa, na mimi ndiye kiongozi wa mashabiki. Cheo hicho sikupigiwa kura. Nina koo kubwa na sina haya, ndiyo vyeti vyangu. Cha darasa la nane kipo pia, lakini hicho hakuna aliyewahi kukiulizia.

Wakati tunaanza, watu wanaoujua mchezo walituketisha wakatueleza kwamba huu si mpira wa miguu, hupigi kelele ovyo. Mchezaji akichezewa vibaya anapewa mitupo ya bure, anasimama peke yake mbele ya ringi na kurusha. Akiwa ni wa wenzenu, pigeni kelele mpaka aone ringi mbili. Akiwa ni wenu, kimya, kama kanisani pasta akiuliza nani atakuja kufagia. Haya, watu sitini wenye ngoma, kayamba na sufuria utawanyamazisha vipi? Nikabuni ishara. Mikono yangu ikienda juu, kelele. Nikichutama, kimya. Tukafanya mazoezi mpaka wakawa kama swichi ya taa. Ukibonyeza inawaka, ukibonyeza inazima, na swichi haiulizi kwa nini.

Halafu kiongozi husimama akiwatazama mashabiki, mgongo kautupa uwanjani. Misimu mitatu naongoza timu ile sijaona kikapu hata kimoja. Mechi naisoma kwenye nyuso za watu. Yule mama muuza viazi karai akifumba macho, najua tunaumizwa. Nikiona meno, tumefunga.

Sasa, mwaka huo nilikuwa na posa. Mchumba wangu kwao ni Shika Adabu, ng'ambo ya feri, na tulijuana hapo hapo uwanjani, maana kaka yake ndiye mrushaji wetu mkubwa na yeye alikuwa akija kumtazama. Mama yao hakuwa akija. Na mama huyo ndiye niliyekuwa nikimwogopa, kwa sababu kwetu sisi, na kwao vile vile, mama mkwe haangaliwi usoni. Mkikutana njiani unampisha, hata kama pembeni kuna miba unaingia mibani, unainama mpaka apite. Huli mbele yake. Hucheki kwa sauti mbele yake. Kumkatia kiuno mbele yake, hilo wazee hawakulikataza, kwa sababu hakuna mzee aliyewahi kufikiria kwamba litatokea.

Alikuwa ameniona mara moja tu, kwa mbali, kwenye matanga. Siku hizo mbili za matanga nilikuwa naumwa na jino, shavu limevimba, sisemi na mtu. Akauliza yule kijana mtulivu ni wa nani. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, hakuiacha nafasi ile ipite. Akamwambia ni mtoto wetu, mpole, ng'ombe akimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Mama akapenda. Wazee wakapangiwa Jumamosi waende Shika Adabu kusikia jibu.

Shangazi akaniita akaniweka kwenye mkeka.

"Mpaka wazee warudi, hilo domo lifunge. Yule mama kilichomleta kwetu ni huo upole. Akikusikia siku moja tu, msichana humpati, na mimi mwongo nitabaki na uso gani?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama mwenyewe feri havuki, huku kwetu atanisikia kwa redio gani.

Jumapili kabla ya Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, sisi na timu ya Changamwe, pale Kiembeni. Mmoja ashinde aingie mchujo, mwingine akapumzike mpaka mwakani. Watu walikuja wametoka kanisani moja kwa moja, na nguo zao nzuri. Nusu ya kwanza tuliongoza. Mimi shati nimelifunga kiunoni, naimba, naruka, jasho linanitoka kama paa la mabati asubuhi.

Baada ya mapumziko watu wakarudi, wakasogezana kwenye mabenchi. Nikainua mikono kuanzisha wimbo. Benchi la mbele, katikati ya mpiga ngoma na mama wa viazi, alikuwa ameketi mama mmoja na gauni la kanisani, mkoba magotini, viatu vyeusi vinang'aa. Pembeni yake mchumba wangu, akinitazama kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua.

Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa kwamba asiyevuka feri amevuka. Nikachutama.

Watu sitini wakanyamaza papo hapo. Ikawa bahati mbaya kwamba wakati huo mchezaji wa Changamwe ndiye aliyekuwa na mitupo ya bure. Akarusha yote miwili kwa starehe, kama yuko uani kwao, yote ikaingia, kisha akatugeukia akatushukuru kwa mkono.

Nikajiambia, kumtazama siwezi, basi nimpe mgongo. Nikageuka uwanjani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaiona timu yangu ikicheza. Wallahi ni wazuri. Nilisahau kazi, nikabaki mdomo wazi, mpaka ngoma ikaanza yenyewe na kiuno changu nacho kikaanza chenyewe, maana hivyo vitu viwili havijui habari ya posa. Nilikuwa nimekolea kabisa mama wa viazi aliponivuta suruali. Akaniambia polepole nimheshimu yule mgeni, makalio yangu yanazungukia magotini pake.

Uso siwezi, mgongo siwezi. Nikajaribu ubavu, nikawa natembea kama kaa. Ubavu nao ukashindikana, kwa sababu shavu moja ni shavu, na shavu langu analijua. Ndipo nikamwomba mama wa viazi leso aliyojifunga kiunoni, nikajifunika kuanzia kichwani, nikaacha jicho moja. Nikaendelea kuongoza.

Sikujua kwamba mashabiki wangu watadhani ni mtindo mpya. Mpiga kayamba akatafuta leso ya mkewe akajifunika. Wawili nyuma yake wakajifunika. Robo ya mwisho ikianza, nusu ya upande wetu ilikuwa kama harusi isiyo na bwana harusi, na wale wa Changamwe wakawa wanatuuliza bi harusi ni yupi kati yetu.

Tukaenda bega kwa bega mpaka zikabaki sekunde chache, pointi zimelingana. Shemeji yangu akapanda kurusha, akasukumwa, refa akapuliza. Mitupo miwili. Mmoja tu ukiingia, tuna mchujo.

Nikachutama ndani ya leso yangu. Kimya kikaanguka, nikasikia mafuta ya viazi yakichemka. Shemeji akadunda mpira mara moja, mara mbili.

Kisha kwa jicho langu moja nikaona viatu vyeusi. Vimetoka kwenye benchi. Vinakuja.

Mama alikuwa amemwonea huruma mwanawe, akaamua asogee karibu naye, na njia ya kwenda kwa mwanawe ilipita juu yangu. Kichwa kikaniambia tulia, wewe ni mzigo wa leso tu, atakuzunguka. Lakini tangu nikiwa mdogo nimefundishwa kwamba mkwe akija, unapisha. Nikaruka nikarudi kinyumenyume, leso ikaanza kunitoka, nikaidaka kwa mikono yote miwili, juu ya kichwa.

Juu kabisa. Mikono miwili. Mbele ya watu sitini.

Walipiga kelele ambayo msimu mzima sikuwahi kuipata nikiitaka. Ngoma, kayamba, sufuria na vifuniko vyake, mtu mmoja nyuma alikuwa na king'ora cha pikipiki, sijui alikitoa wapi. Shemeji alishtuka mpira ukiwa tayari unamtoka mkononi. Haukugusa ringi. Haukugusa ubao. Ulienda ukampiga kocha wa Changamwe begani.

Na leso yenyewe, baada ya yote hayo, ilikuwa imeanguka. Nilikuwa nimesimama uso wazi, shati kiunoni, hatua tatu kutoka kwa mama mkwe wangu, mikono bado iko hewani kama mtu anayekamatwa. Akanitazama. Nikatazama viatu vyake. Kelele zinaendelea, maana swichi imewashwa na hakuna aliyeizima.

Akawageukia watu.

"Nyamazeni. Mwanangu anataka kurusha."

Hawakunyamaza, hawamjui. Basi akanirudia mimi, na sauti yake ilikuwa ya chini tu, ya kawaida, kama anaomba apewe chumvi.

"Na wewe, chutama."

Nusu moja tu ya mechi, mama wa watu alikuwa ameshaijua ishara. Nikachutama. Kimya kikarudi. Shemeji akafuta mikono kwenye kaptula, akarusha, ukazunguka ringi kama unatafuta mahali pa kuketi, ukaingia. Changamwe wakarusha wa mwisho kutoka mbali, ukagonga chuma ukatoka nje. Tumeshinda kwa pointi moja.

Watu wakaingia uwanjani, wakambeba shemeji, wengine na leso zao vichwani. Mimi nilibaki nimechutama pale pale. Hakuna aliyeniambia niinuke. Nilisubiri mpaka viatu vile vyeusi viondoke, na vilikaa sana.

Wiki ile shangazi hakunisemesha. Habari ilifika kwake kabla sijafika nyumbani, na aliyemletea alikuwa ameshaitia buibui. Mchumba wangu nilipompigia aliniambia mamake hajasema lolote, anapika, anafua, ananyamaza, na akinyamaza hivyo hakuna anayejua anawaza nini. Nilikonda. Mazoezi ya mchujo sikwenda. Wenzangu walituma mtu kuniuliza leso za mechi ijayo ziwe za rangi gani.

Jumamosi wazee wakavuka feri na shangazi, mimi nikabaki nyumbani nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Alasiri shangazi akarudi peke yake, wazee wamebaki njiani. Akavua viatu. Akaomba maji, akanywa kikombe kizima bila kukiondoa mdomoni, akaomba kingine. Nikainama nikamwambia shikamoo mara ya pili.

Akajifuta mdomo.

"Mkweo amesema hivi, na amesema mbele ya wazee wote. Amesema, 'Siku zote mnaniambia kijana haongei, haongei, nikaanza kuogopa mnaniletea mgonjwa. Kumbe ni mjinga tu. Mjinga tutamweza. Hata babake huyu msichana nilimweza.'"