Biharusi wa Chumba cha Kusomea

Ukutani mwa chumba cha kusomea palikuwa na ubao ulioandikwa KIMYA kwa rangi nyeusi, na chini yake ndipo bibi yangu alipopenda kuketi. Msahafu aliusoma vizuri, lakini herufi za kizungu hakuzijua, nami sikuona haja ya kumsomea.

Chumba chenyewe kilikuwa banda la mabati lililoachwa na wanajeshi vita vilipokwisha, kando ya njia itokayo Jomvu Kuu kwenda Magongo. Kabati mbili za vitabu, meza ndefu, na gazeti lililotufikia likiwa limezeeka. Mwangalizi wake alikuwa Mrabai, Mkristo mpole, aliyetutengea sisi wanawake alasiri moja kila juma tujifunze kusoma. Wazee wetu walikubali kwa shingo upande. Mimi nilikuwa nimeolewa na kuachwa, sina wa kunizuia.

Mwaka ule mdogo wangu akaposwa. Bibi alikwisha kuapa, tangu sisi hatujazaliwa, kwamba hakuna binti wa nyumba yake atakayekwenda kwa mume bila vugo. Vugo ni ngoma ya wanawake: pembe za nyati hupigwa kwa vijiti, mmoja anatangulia kuimba, wengine wanaitikia, na biharusi anasindikizwa hivyo mpaka mlangoni kwa mumewe. Tabu ilikuwa kwamba miaka ya vita harusi zilifanywa kwa mkato, mchele hakuna, nguo hakuna, na sisi tukakua hatujui hata mwanzo wa wimbo. Waliojua kutangulia walikuwa wamekwisha kufa. Alibaki bibi na shoga yake mmoja ambaye maneno alikuwa nayo ila sauti hana. Na bibi ana pumu. Akiimba beti mbili, wa tatu unamezwa na kikohozi.

Kujifunzia mtaani kulikuwa hakufai. Pembe zikilia Jomvu kila mtu anajua kuna harusi, na ajuaye kuna harusi huja na tumbo lake. Tungewalisha nini? Nikamwendea mwangalizi. Akautazama ule ubao, akanitazama na mimi.

"Dada, hapa ni mahali pa kimya," akasema. "Lakini kujifunza ni kujifunza. Nami nina binti yangu huimba kanisani. Mchukueni naye."

Basi tukakusanyika, bibi na shoga yake, mama zetu, wenzangu mimi, na wasichana ambao hata buibui hawajaanza kuvaa. Shoga wa bibi alimkagua yule binti wa Kirabai toka utosini mpaka kwenye kisigino.

"Huyu wa kanisani ataliweza vugo?"

"Shoga, koo halina dini," bibi akamjibu. "Ndoo mwanangu, kaa hapa kwangu."

Lakini pembe bibi alikataa zisiguswe. Zilikaa ndani ya kikapu miguuni pake. "Hazipigwi pasi na biharusi," alisema. "Ukizipiga bure waita ukiwa." Na biharusi wetu alikuwa amewekwa ndani, anasingwa mwili kwa manukato, hatoki hata uani. Ikawa tunapiga meza kwa viganja. Kuitikia tulijua upesi sana. Kutangulia hakuna aliyethubutu. Bibi akianza tunamfuata kama mkia, akikohoa tunanyamaza wote, na ubao unapata haki yake.

Harusi ikawa imebaki juma moja. Siku hiyo bibi alikohoa mpaka tukamshika mabega na kumnywesha maji, na sisi tumesimama tunangoja apumue atuanzie tena. Mimi hasira zangu ziko karibu, hata leo.

"Bibi," nikamwambia, "tutapiga meza mpaka lini? Mtoto atatoka kimya na weye upo! Kama pembe zataka biharusi, basi keti wewe!"

Chumba kizima kikaguna. Mama akanifinya. Bibi hakunigombeza. Aliinamisha kichwa akawa anakunja pindo la leso yake, anakunja na kukunjua.

"Na akae," shoga yake akasema polepole. "Huyu hakupigiwa."

Akatueleza. Juma la harusi ya bibi na babu ndui iliingia Jomvu, ikamchukua mama yake bibi na nusu ya wale waliokuwa wamsindikize. Bwana harusi alikuja na baba yake tu, akamshika mkono wakaenda zao, bila pembe wala kigelegele. Nilikuwa nimelala katika nyumba ya bibi maisha yangu yote, na hilo sikulijua. Nilimwonea huruma. Miaka yote ile alikuwa akiwapigia watoto wa watu.

"Miye nikikaa," bibi akauliza, "nani ataimba?"

"Biharusi hasemi. Ukifunikwa, umefunikwa. Wataimba wenyewe."

Akaketi chini ya ubao wake, nikamfunika leso mpya. Pembe zikatolewa kikapuni. Tukatazamana. Sasa hapakuwa na wa kumtegemea, maana tuliyekuwa tukimtegemea ndiye aliyefunikwa. Kisha yule binti wa mwangalizi akafumba macho akautoa mstari wa kwanza, lafudhi ya Kirabai ndani yake, mzima na safi. Shoga wa bibi akamnong'oneza wa pili. Mama yangu, ambaye siku zote alidai hana sauti, akaupokea wa tatu, na pembe zikaingia. Mabati yalitetemeka. Tuliimba mpaka mwisho, na chini ya leso hakikutoka kikohozi hata kimoja.

Nikaenda kumfunua. Akanipiga kofi mkononi.

"Mwanifunua hapa?" sauti ikatoka ndani. "Mume wangu yuko hapa?"

Biharusi alikuwa amesema, mwiko umevunjwa, tukacheka mpaka machozi. Lakini hakuwa na mzaha. Tukamwinua. Mwangalizi akafungua milango yote miwili, akavua kofia yake, nasi tukatoka na pembe zetu kushika njia ya Jomvu. Watu walitoka majumbani wakiuliza harusi ya nani. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kunawa mikono.

Babu alikuwa barazani anashona kofia. Akasimama na sindano mkononi.

"Harusi ya nani hii?"

"Yako, bwana harusi!" shoga wa bibi akamwambia. "Toa kipa mkono umwone mkeo."

Kipa mkono ni zawadi ambayo mume hutoa kabla ya kumwona mke. Babu aliitazama ile miguu iliyotokeza chini ya leso, akageuka akaingia ndani, akakaa huko. Nikadhani tumemuudhi. Aliporudi alikuwa amebeba mkebe wa sukari. Sukari siku zile ilikuwa bado ya kugawiwa, na yetu ilikuwa ikipungua, naye akiapa wallahi ni sisimizi.

Leso ikafunguka kidole kimoja. "Kumbe sisimizi ni weye!"

Sote tulicheka, yeye hakucheka. Aliuweka mkebe chini, akamshika bibi mkono.

"Siku ile hukuletwa," akamwambia. "Nilikutwaa kimya kimya, kama mwizi na kuku wa watu. Leo umeletwa. Karibu."

Juma lililofuata tulimtoa mdogo wangu kwa vugo, binti wa mwangalizi mbele na mama zetu nyuma yake, na sukari ya mkebe ule ikaishia kwenye chai ya wageni. Bibi alitembea karibu yangu, mikono mitupu, hana pembe wala kijiti. Nikamwinamia nikamwomba atangulie japo ubeti mmoja tu.

"Niache, mjukuu wangu," akasema. "Mimi juzi nimeolewa. Biharusi hasemi."