Siku Nilipoumwagia Moto wa Bibi Maji

Nilipokuwa darasa la tatu, kule Masieda, Bibi alinikabidhi moto wake. Alikuwa anakwenda Tumati kumwangalia shangazi yangu aliyejifungua mapacha, na hakujua atarudi lini. Alinipeleka kwenye tembe lake la udongo, hatua chache kutoka nyumba yetu ya bati, akanifundisha kazi niliyokuwa nikiiona kila jioni: kukusanya makaa katikati ya mafiga, kusogeza gogo nene, kufunika kwa majivu. Asubuhi unafukua na kupuliza.

"Ukikuta umezimika usiwashe kwa kiberiti," alisema. "Nenda nyumba isiyo na msiba, uombe kaa. Na maji usiyalete karibu."

Juu ya mafiga, kwenye boriti nyeusi kwa masizi, yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Bibi alikuja na mbegu ile alipoolewa, na kila msimu aliirudisha pale juu. Aliamini kuwa mbegu husinzia ikiusikiliza moto. Moto ukifa wenyewe, mbegu huweza kuvumilia. Ukimwagiwa maji, mbegu husikia, na haitaamka tena. Niliamini hivyo hivyo, kama nilivyoamini kuwa mvua hutoka upande wa ziwa.

Mwaka ule Baba alikuwa amejengewa mtambo wa biogesi na mradi uliokuwa ukipita vijijini. Kila asubuhi tulikoroga samadi na maji, tukamimina shimoni, na jikoni Mama akawasha moto wa bluu usio na moshi. Macho yake yaliacha kutoa machozi. Majirani walitutania kuwa chai yetu inanuka zizi, kisha wakaja kuinywa.

Bibi naye alikuja kuukagua.

"Kwa hiyo ng'ombe naye amekuwa kuni?"

"Hii ni gesi, Mama," Baba alisema.

"Inatoka wapi?"

"Kwenye samadi."

"Basi ni ng'ombe. Nipe chai yake nionje."

Alikunywa vikombe viwili. Tangu siku hiyo asubuhi alikunywa chai ya gesi, na jioni akapika makande yake kwenye mafiga. Hakuona ugomvi kati ya moto huu na ule. Alitaka ahadi moja tu, na Baba aliitoa mbele yetu sote: "Mafiga yako hayaguswi, Mama."

Bibi alipokuwa Tumati, watu wa mradi walituma taarifa kuwa wageni watakuja kuchagua nyumba ya mfano, nyumba ambayo familia imeachana kabisa na kuni. Baba aliitaka sana nafasi hiyo. Siku ya wageni nilitoka shule nikamkuta amesimama mlangoni kwa Bibi. Moshi ulikuwa unapenya kwenye paa kama kawaida.

"Paulina, lete ndoo ya maji."

Nilimwambia moto si wangu.

"Bibi amekubali. Nimempigia shangazi yako simu, nikaongea na Bibi mwenyewe."

"Amesema nimwage maji?"

"Amesema ufanye ninavyokuambia. Haraka, wageni wako njiani."

Nilimwaga. Moto ulilia, mvuke ukapanda mpaka kwenye mahindi. Mimi nilitazama chini.

Wageni walikunywa chai na kupiga picha. Mmoja wao, mama mwenye daftari, aliinama akachungulia ndani ya tembe, akaona majivu yaliyolowa, akasema, "Vizuri sana." Hakuuliza moto ule ulikuwa ukifanya kazi gani. Wiki iliyofuata kibao cha nyumba ya mfano kilipigiliwa kwenye nguzo ya geti letu. Nilipouliza kama naweza kuomba kaa kwa jirani, Baba alisema hapana, wageni wanaweza kurudi siku yoyote.

Bibi alikaa Tumati miezi mitatu. Alirudi mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika. Nilimkimbilia tembeni, nikasema, "Shikamoo Bibi." Aliitikia marahaba mkono wake ukiwa tayari kwenye majivu. Yalikuwa yameganda kama udongo wa ukutani. Alijua kilichoyagandisha.

"Nani amemwaga maji?"

Nilimgeukia Baba, aliyetufuata ndani. Alikuwa anakwangua samadi kwenye buti kwa kijiti.

"Watoto hawa, Mama," alisema. "Huyu alikuwa anacheza na ndoo. Tulishamwadhibu."

Sikuwa nimeadhibiwa. Mama, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akaenda jikoni, nikasikia kiberiti na gesi ikiwaka. Kwa watu wetu mtoto hamwiti baba yake mwongo mbele ya mama mzazi wa baba huyo. Nilisubiri aseme mwenyewe.

Bibi aliangua mahindi mawili, akafungua maganda. Unga ulimwagika miguuni pake, na ndani ya unga fukusi walikuwa wanatembea. Aliangua mengine, yakawa vile vile. Alikuwa ameonya, na ikawa. Msimu ule tulipanda mbegu za dukani. Mbegu nyingine ya zamani Bibi aliitafuta kwa dada yake, hakupata iliyo sawa na yake.

Leo afisa kilimo yeyote atakueleza kwa sentensi moja: moshi ndio uliowazuia fukusi. Gesi haikuwa na kosa. Ilipika vizuri, na inapika hadi leo ng'ombe wakishiba. Kiangazi kikiwa kikali hupungua, na Mama hurudi kwenye mafiga aliyoyapanga nyuma ya jiko, mahali pasipoonekana kutoka barabarani. Mioto hiyo miwili ingeweza kukaa pamoja, kila mmoja na kazi yake. Bibi alikuwa ameshaipanga hivyo kabla ya wageni kufika.

Alinisamehe jioni ile ile. Alinimiminia maziwa mgando kwenye kikombe chake, akaniambia ninywe. Lakini hadi nilipohama kwenda sekondari hakuniachia tena kazi ya kuangalia kitu asipokuwepo, hata kuku.

Mwaka jana, tukiwa wawili tu nje ya nyumba, nilimuuliza Baba kwa nini alisema ni mimi. Hakujifanya amesahau.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Mtoto anasamehewa siku hiyo hiyo. Kosa langu mimi, Bibi yako angekwenda nalo hadi kaburini."

Aliongea kama mtu anayeeleza alivyochagua shamba. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Miaka yote nilidhani neno lilimponyoka kwa hofu. Kumbe alikuwa amepima nani ataubeba mzigo ule kwa urahisi, akaona ni mimi. Bibi aliishi miaka kumi na miwili baada ya siku ile. Nilikuwa mtu mzima alipofariki, na mara nyingi tulikaa yeye na mimi tu. Ningeweza kumwambia. Kila mara nilimfikiria Baba, nikanyamaza, na Bibi akazikwa akiamini kuwa nilicheza na ndoo.