Mama yangu na kupe wa Bobi

Leo mama yangu amemshika mbwa. Bishaneni nami mkitaka.

Mama ni mfuga mbuzi wa Kikoneni. Akija kunitembelea kazini Diani husimama langoni kwa sababu ya Bobi, mbwa wa bosi wangu, wa aina ya terria, mdogo mwenye ndevu ngumu kama makumbi ya nazi.

Leo nilichelewa kutoka, akaingia. Akanikuta na glavu, ninamtoa Bobi kupe masikioni.

"Mwanangu, hiyo najisi."

"Ninajua, mama. Lakini siachi mnyama anyonywe damu."

Akatazama kwa mbali, mpaka ikamshinda.

"Humalizi hivyo. Kupe hujificha katikati ya vidole. Nipe mguu huo."

Baadaye alinawa mara saba, moja kwa udongo.

Kisha akauliza, "Kesho tunaanza saa ngapi?"