Ishara za Nyumba Moja

Kanisani kwetu alikuwa akija kiziwi mmoja. Kila Jumapili alikaa safu ya tatu kutoka mbele, chini ya feni, shati limenyooshwa pasi mpaka kwenye kola. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye gereji ya malori Shimanzi, karibu na kazini kwangu. Mchungaji akihubiri saa nzima, naye alimtazama saa nzima, hasinzii kama sisi tunaosikia. Nikawa najiuliza: huyu anafuata nini hapa?

Nikamuuliza mchungaji.

"Hata mimi sijui," akasema. "Jifunze lugha yake umuulize. Ukishaijua, utasimama mbele umtafsirie."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mimi si mtu wa kusimama mbele. Nilitoka bara kuja Mombasa kwa kazi ya mizani. Nakaa kwenye kibanda cha kioo. Lori linapanda, naandika uzito, linashuka. Madereva husema nami kupitia kitundu, na mambo hayo yalinifaa sana. Kanisani nilikaa karibu na mlango, wala sikuwahi kutoa ushuhuda, kwa sababu nikisimama mbele ya watu magoti hutetemeka mpaka sketi inacheza. Wiki nzima niliomba Mungu amtafute mwingine. Nikamkumbusha kwamba tuna walimu, tuna wanakwaya. Sikuona mwingine akija, na lile swali langu halikuniacha.

Asubuhi moja nilikuwa Makadara, kwa mama ninayekula kwake mbaazi na mahamri kabla ya kazi. Nimekula pale miaka. Siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba mdogo wake, yule anayekaanga, hajawahi kutamka neno. Mama aligonga meza kwa kiganja, mdogo wake akageuka, mikono ikasema jambo, wakacheka wote wawili.

"Mama, mdogo wako hasikii?"

"Tangu kuzaliwa. Kwani hukuwa wajua?"

"Anaweza kunifundisha?"

Akaiweka chini pawa aliyokuwa akipakulia mbaazi. "Wataka nini naye?"

Nikamweleza yote. Yeye ni Mwislamu, na nilidhani habari za kanisa zingemfanya akatae. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Huyo fundi ataka kujua Mungu asema nini?"

"Nadhani ndivyo, mama."

"Basi njoo Jumamosi baada ya alasiri. Sisi twakaa Mji wa Kale, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Uliza nyumba ya wenye mahamri, utaletwa."

Nikaenda Jumamosi nyingi. Tulikaa juu ghorofani, kwenye mkeka, viatu tumeviacha mlangoni. Mdogo wake alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea hunipiga kofi dogo la mkono. Neno Mungu lilikuwa viganja viwili vilivyofunuliwa mbele ya kifua. Neno mama lilikuwa kidole ubavuni mwa pua. Nilipouliza kumtegemea mtu kunasemwaje, alimgeuzia dada yake mgongo, akajiachilia kinyumenyume bila kutazama. Dada yake akamdaka, akilalamika kwamba siku moja watavunjika wote.

"Mama, mimi naogopa," nikamwambia Jumamosi ya mwisho kabla sijasimama mbele. "Magoti yatatetemeka."

"Yatetemeke. Kwani watafsiri kwa magoti? Weka tawakali kwa Mola, uende."

Jumapili hiyo mahubiri yalikuwa juu ya mjane aliyeacha kwao akamfuata mama mkwe wake. Nilisimama mbele, nikaanza. Kila lilipokuja neno mama, niligusa pua. Fundi akakunja uso. Akagusa pua yake, kama anayeuliza: pua? Nikarudia. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka waziwazi, na kanisa zima likageuka kutuangalia.

Niliutazama mlango. Moyoni nikasema, Bwana, umenileta hapa mwenyewe, sasa nifanyeje? Lakini nilitaka sana kujua anacheka nini, na hamu hiyo ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikainua nyusi, nikamwonyesha kwa mikono: wewe unasemaje?

Akasimama, akanionyesha. Nikamwigiza. Mchungaji akanyamaza, akatungoja. Tukaenda hivyo neno kwa neno, mimi natoa langu, yeye ananipa lake, mpaka yule mjane akafika alikokuwa akienda. Ibada ilichelewa kumalizika, na wengine walinung'unika.

Nje, fundi, ambaye sikujua kwamba anajua kuandika, aliandika kwenye daftari langu: "Nani alikufundisha? Nusu ya ishara hizi sijawahi kuziona."

Nikamweleza. Naye akaandika kwamba alisoma shule ya viziwi huko bara. Mdogo wake mama hakupelekwa shule. Ishara zake nyingi zilitungwa nyumbani. Baadaye mama aliniambia marehemu mama yao alivaa kipini puani, ndiyo sababu ya ile ishara. Nilikuwa nimelihubiria kanisa kwa lugha ya nyumba moja ya Mji wa Kale.

Kisha nikamwandikia lile swali: anakuja kufuata nini?

"Naona nyuso zenu mkiimba," akaandika. "Zinabadilika. Nilitaka kujua mnaambiwa nini."

Jumanne iliyofuata nikampeleka Makadara. Mdogo wake mama alimpima kwa macho toka kichwani hadi viatuni, akasema jambo. Fundi akatikisa kichwa, akalisema kwa namna yake. Akajaribu tena, naye akajaribu tena, mara mikono ikashika kasi, na mahamri yakaanza kuungua kwenye mafuta.

"N'ambie, wasema nini hawa?" mama akauliza, huku akikimbilia karai.

"Sijui, mama. Wanakwenda mbio."

Siku hizi Jumamosi tuko wanafunzi wawili kwenye ule mkeka, mimi na mama, na walimu wawili wasiokubaliana. Jumapili bado nasimama mbele. Nikipotea, namuuliza fundi palepale, na mchungaji anangoja.