Upande wa Kushoto Walisimama Wanawake

Siku hiyo ukumbini tulikuwa sisi: Fundi Mkuu, mzee Zakayo, mwenye duka la kutengeneza redio ghorofani katikati ya jiji, mkewe Loise, ambaye wote tulimwita Mama Tito, mwimbaji wa sauti ya kwanza; Mwalimu Habil, kiongozi wa kwaya; Njuguna, dereva wa pikapu iliyobeba mitambo ya kurekodi; wanakwaya wengine ishirini na wawili, wanawake kushoto na wanaume kulia; na mimi, Trufena, niliyekuwa na saa tatu tu kazini. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia jina la aliyeharibu kazi siku ile, na jina walilosikia halikuwa lenyewe.

Ulikuwa ukumbi wa kanisa huko Riruta. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, baba akiwa ametangulia na mama akiwa amemfuata. Nyuma yangu, katika chumba kimoja Waithaka, walikuwa wadogo zangu watatu. Fundi Mkuu aliniajiri kwa swali moja.

"Unajua kukunja waya?"

"Sijui, Mzee."

"Afadhali. Wenye wanajua hukunja vibaya."

Akanifundisha palepale, mzunguko mmoja juu, mwingine chini, ili waya usijisokote. Kisha akanionyesha maikrofoni mbili kwenye vyuma vyao virefu. Moja ilitazama wanawake, nyingine wanaume, na kila moja ilikuwa na njia yake kwenye mkanda wa kurekodia, yaani tepu. Hiyo ndiyo stirio: ukisikiliza baadaye kwa hedifoni, unawakuta watu pale pale waliposimama.

"Kushoto ni kushoto," akasema akigonga plagi yenye utepe mwekundu, ile ya wanawake. "Ukivusha waya umewahamisha watu kwao. Na kitu cha pili, usibadilishe kitu chochote kabla hujakisikiliza. Umesikia?"

Nilisikia. Katika wimbo wa nne, ule mzuri kuliko zote, nilirudi nyuma hatua moja ili nimwone Mama Tito akipanda juu na sauti yake, na kisigino changu kikavuta waya. Plagi ya utepe mwekundu ikachomoka. Fundi Mkuu, aliyekuwa amefumba macho na hedifoni kichwani, aliruka kama aliyechomwa. Kwaya ikanyamaza. Akairudisha plagi, mashine ikiwa bado inazunguka, akanguruma, "Nani amekanyaga waya?"

Niliwaza chumba cha Waithaka. Niliwaza nikirudi kuwaambia wale watatu kwamba kazi imedumu asubuhi moja. 

"Ni mimi, Baba Tito," akasema mkewe kutoka mstari wa mbele. "Nimekanyaga waya. Nisamehe."

Alikuwa mbali na waya ule, hatua kumi hivi. Lakini Fundi Mkuu alikuwa ameinamia mashine na hakuona. "Hata wewe, Loise!" akasema mbele ya watu wote, na wanaume wakacheka. Mama Tito hakunitazama. Aliuimba wimbo tena kuanzia mwanzo.

Nilikaa na Fundi Mkuu miaka tisa. Duka lilikuwa juu ya ngazi zenye giza, na lilinuka risasi ya kuchomelea na vumbi lililopata moto. Nilijifunza kusikia redio mbovu kabla sijaifungua: mlio mzito usiokatika ni kapasita, vile vikopo vya kutuliza umeme, zimechoka, mkwaruzo unapogusa kitufe cha sauti ni uchafu. Wateja wengine waliponiona mezani waliuliza, "Fundi ako wapi?" naye alijibu bila kuinua kichwa, "Si huyo unaongea naye?"

Kutoka hapo nilikwenda kwenye hoteli moja ya mjini kusimamia sauti za mikutano. Msimamizi wa Kumbi alikuwa mtu wa tai na maneno machache. Aliniambia, "Trufena, mgeni rasmi akisikika vizuri hakuna atakayekukumbuka. Wakikukumbuka, ujue umeharibu." Baadaye nikaingia studio ya kurekodi karibu na Barabara ya Ngong, chini ya Mhandisi Mkuu wa Sauti ambaye ningeweza kumzaa.

"Auntie," alinitania, "hizo tepu zako si zilikufa kitambo?"

"Zimelala tu, bosi. Ngoja nikuamshie moja."

Nilimwamshia nyingi. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa hiyo, kuhamisha mikanda ya zamani iwe faili za kompyuta. Mkanda wa kwaya ya Riruta niliuhamisha mwenyewe, polepole, nikiusafisha kwa kitambaa, kwa sababu ulikuwa umeanza kumenyeka. Baada ya kupita mashineni mara ile moja haukufaa tena. Faili nilimpelekea Fundi Mkuu nyumbani kwake Woodley. Mama Tito alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nimestaafu sasa. Wadogo zangu wote watatu walisoma wakamaliza, na wa mwisho hunipigia simu kuniuliza namna ya kuunganisha televisheni. Nilidhani mambo ya waya yameniisha. Ndipo Fundi Mkuu alipopiga simu.

"Trufena, ulifanya nini na tepu yangu?"

"Kwani iko na shida gani, Mzee?"

"Wanawake wamepotea. Wako mbali, ni kama wanaimbia nje ya mlango. Loise simsikii. Ile 'nisamehe' yake siisikii kabisa. Tepu ndiyo hiyo imeisha, sina nyingine. Umenipotezea upande mzima."

Sijawahi kutukanwa kazini nikaumia hivyo, na hakuwa ametukana. Niliisikiliza nakala yangu, ikawa nzima. Basi nikakata shauri mwenyewe nikiwa Waithaka: kosa ni tundu la hedifoni la laptopu yake kuukuu. Matundu yale hufa upande mmoja, nimeyaona mengi. Nikamwambia mwanawe Tito, anayefanya kazi ng'ambo, vifaa vya kununua. Vilipofika nilivichukua mjini, nikaenda Woodley na mkoba wangu wa bisibisi, moyo ukidunda kama wa mtu wa miaka kumi na sita.

Niwaeleze ninyi vijana, maana mnadhani sauti inakaa kwenye simu. Kompyuta haihifadhi sauti, inahifadhi namba. Kigeuzi, ambacho wauzaji wa vifaa vya umeme wa Barabara ya Luthuli hukiita DAC, ndicho kinachozirudisha namba ziwe umeme unaotikisika kama sauti ilivyotikisika. Kila kompyuta ina kigeuzi kidogo ndani yake, lakini kinaishi kwenye kelele za feni na chaja. Wanaopenda muziki hununua kikubwa cha nje. Na kati yake na kompyuta huweka kisanduku kingine, intafesi ya USB, ambayo inapokea zile namba na kuzipanga kwa saa yake yenyewe kabla ya kuzipitisha. Saa hii si ya ukutani. Ni mapigo, kama mguu wa Mwalimu Habil ukigonga sakafu ili kila mmoja aingie kwa wakati wake. Mguu ukiyumba, kwaya nzima inayumba.

Hivyo viwili ndivyo Tito alivyonunua, na intafesi ile ilikuwa na njia tatu za kutokea: tundu la mviringo la kebo ya koaksio, inayofanana na ya antena, tundu la mwanga, na la tatu lenye umbo la tundu la HDMI la televisheni. Hilo la tatu linasifiwa sana, kwa kuwa namba zina waya wake na saa ina waya wake. Nikalichagua hilo. Nilitaka Fundi Mkuu aone kwamba mwanafunzi wake hakubaki kwenye redio za betri.

"Hii si ya TV?" akauliza akiwa kitini, fimbo kati ya magoti.

"Inafanana tu, Mzee. Ndani ni mambo mengine."

"Haya. Mimi nimenyamaza. Nilikufundisha kukunja waya, sasa unanifundisha TV."

Nikaunganisha kila kitu umeme ukiwa umezimwa, kama alivyonifundisha. Nikachagua intafesi kwenye kompyuta, nikaweka sauti chini kabisa, nikawasha kigeuzi mwisho. Taa ndogo ya samawati ikatulia bila kupepesa, maana yake saa imeshikwa. Nikamvika hedifoni zilizochomekwa kwenye kigeuzi, nikafungua wimbo wa nne, nikapandisha sauti kidogo kidogo.

Uso wake ulibadilika kabla sijaondoa mkono.

"Ndiye huyo!" akapiga kelele, kama watu wanavyopiga wakiwa na hedifoni. "Trufena, ndiye huyo! Ako hapa! Umempata, wewe msichana!"

Mimi, bibi wa wajukuu wanne, niliruka. Nilipiga makofi. Alikuwa akilia na kupiga fimbo sakafuni kwa mapigo ya wimbo. Kisha akavua hedifoni akanipa: "Sikiliza, sikiliza vile ako karibu."

Nikazivaa. Sauti ilikuwa safi kama maji. Mama Tito alikuwa akipanda, akipanda, naye alikuwa kulia kwangu.

Furaha yote ikanishuka hadi miguuni. Nilijua mara moja nilichofanya. Watengenezaji wa matundu yale ya tatu hawakukubaliana waya upi ukae kwenye pini ipi. Chini ya intafesi kuna swichi nne ndogo kama punje za mchele za kuchagua mpangilio unaolingana na kigeuzi chako, nami sikuzigusa. Ukikosea, mara nyingine unapata kimya, mara nyingine kelele. Na mara nyingine, kama siku ile, unapata muziki mzuri kabisa ambao pande zake zimebadilishana. Nilikuwa nimewahamisha watu kwao.

Na hapo nikaelewa jambo la pili. Kama Fundi Mkuu alimsikia mkewe alipohamia sikio la kulia tu, basi faili haikuwa na kasoro, wala tundu la laptopu. Sikio lake la kushoto ndilo lililokufa. Mtu aliyesikia kapasita mbovu kupitia ukuta wa duka hakujua, au hakutaka kujua. Nami nilikuwa nimeagiza vifaa vya watu kabla ya kukaa karibu naye dakika moja na kusikiliza.

Ningeweza kunyamaza. Angefurahi, ningesifiwa, na kisanduku kingekaa vile milele.

"Mbona umekauka?" akauliza.

"Mzee, nimevusha pande. Wanawake wako kulia. Kosa ni langu."

 Akachukua hedifoni, akashika kikombe chake kimoja kwenye sikio la kulia, akasikiliza. Akakihamishia kikombe kilekile sikio la kushoto.  Kisha akacheka, kwanza kidogo, baadaye hadi akakohoa.

"Kwa hivyo tepu ni nzima?"

"Ni nzima, Mzee. Haijapoteza hata sauti moja."

"Mbovu ni mimi!" Alisema kwa furaha kama aliyeshinda kesi. "Miezi yote nakulaumu wewe, kumbe ni hili sikio! Afadhali! Sikio ni la kufa tu. Tepu ingekufa, ningefanya nini?"

"Nikuachie hivi hivi, basi? Unamsikia vizuri."

Akaacha kucheka. "Trufena. Kushoto ni kushoto. Rekebisha."

Nikazima, nikageuza kisanduku, nikasukuma swichi ya pili kwa ncha ya bisibisi, nikawasha tena. Nikahakikisha kwa masikio yangu: wanawake kushoto, wanaume kulia, kila mtu aliposimama. Akazipokea hedifoni, akazigeuza mbele nyuma, akazivaa kinyume, kikombe cha kushoto kwenye sikio lake zima.

"Ona sasa," akasema. "Waya iko sawa. Ni mimi nimegeuka."

Kuanzia hapo mimi huenda kwake kila Jumamosi kumwekea wimbo wa nne. Hausubiri wimbo wenyewe, husubiri zile sekunde kabla haujaanza tena. Huinua kidole, na uso wake unaanza kucheka mapema: hapo ndipo anaponguruma yeye mwenyewe, kijana, na Mama Tito anajibu kwamba ni yeye, amekanyaga waya, asamehewe.

"Umesikia?" huniambia kila mara, machozi ya kicheko mashavuni. "Miaka yote ya ndoa, Loise alikubali makosa mara moja tu. Mara moja! Na niko nayo kwa tepu!"

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Waithaka. Nilipika maneno yangu hadi yakabaki machache: Hakuwa yeye, Mzee, nilikuwa mimi. Alinifichia kosa nisifukuzwe, wadogo zangu wasilale njaa. Nilimsubiri amalize kucheka, nikasogeza kiti upande wa sikio lake zuri, nikasema, "Mzee, kuhusu huo waya."

"Ngoja," akasema, akiwa ameinua kidole, hedifoni zake zimevaliwa kinyume. "Rudisha nyuma kidogo. Anasema tena."

Nikarudisha.